Siku Nilipoiita Ngitili Pori

Vijana, mna kosa moja kubwa: mnadhani kazi ya kusema ni rahisi kwa kuwa kila mtu ana mdomo. Mjukuu wangu Kulwa, ambaye ameajiriwa juzijuzi tu kuwa mtendaji wa kijiji huku kwetu upande wa Masumbwe, alirudi nyumbani kutoka mkutanoni amenuna. Wafugaji na wachimbaji waligombana mbele yake, hawa wanasema malisho, wale wanasema duara, shimo lao la dhahabu, kila mmoja na lugha yake, na yeye katikati anageuza shingo. Akatupa mkoba kitini akaniambia, "Babu, mimi nimesomea utawala, sikusomea kelele."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia alete daftari na kalamu, na wenzake wanaoanza kazi nao wasome nitakachoandika, maana kazi ya kukaa katikati ya watu wanaosema nimeifanya tangu sijaota ndevu mpaka serikali ikanipumzisha. Na miaka ya mwanzo niliifanya kwa Bwana Shauri mwenyewe!

Bwana Shauri ndiye Mzungu aliyetawala wilaya wakati wa Mwingereza. Msifikiri alikuwa na idara kumi na magari ishirini kama ofisi zenu. Mtu mmoja, huyohuyo hakimu, huyohuyo wa kodi, huyohuyo wa barabara, na watu wakigombania talaka wanaletwa kwake. Huyo wetu alikaa bomani Shinyanga, na miezi mingi ya mwaka alizunguka vijijini kwa miguu na hema lake. Mimi, Luhende, nilikuwa mkalimani wake. Yeye alijua Kiswahili cha kitabuni, Kisukuma hakukijua. Watu wetu vijijini walijua Kisukuma, na Kiswahili wengi hawakukijua. Kwa hiyo kila neno lilipita kinywani mwangu, kwenda na kurudi. Hebu oneni raha hiyo! Nina miaka kumi na tisa, mtemi mzima ananyamaza kunisubiri mimi, Mzungu mzima ananyamaza kunisubiri mimi. Nilitembea nikiwa nimejaa upepo kama mpira mpya.

Kabla sijaendelea, niseme hili msije mkanipigia simu. Ukoloni siutamani. Walitulimisha matuta kwa faini, walitupunguzia ng'ombe kwa amri, na mwanamume mwenye wajukuu aliitwa boi. Siku bendera yao iliposhushwa nilicheza mpaka soli ya kiatu ikabaki uwanjani. Lakini kazi ni kazi, na niliyojifunza kule siwezi kuyatupa kwa sababu ya aliyekuwa amekalia kiti.

Huyo Bwana Shauri alikuja kwetu kijana, pua imebambuka kwa jua. Akisikia neno geni, hata kama ni jina la mdudu, husimama hapohapo na kuuliza, "Maana yake nini?" Akijibiwa, anatoa daftari anaandika. Haikupita miezi mitatu watu wakambatiza Bwana Maana. Mwenyewe alifurahi sana, akidhani wanasema yeye ni mtu wa maana. Sikuona sababu ya kumsahihisha.

Makosa yake yalikuwa matamu. Alipooa, mkewe akaletwa kwa treni, tukaenda kwenye baraza upande wa Kishapu na Bwana Maana akasimama kutangaza furaha yake kwa Kiswahili bila kuniuliza maneno kwanza. Akasema, "Mwezi uliopita nimeolewa!" Askari wawili wenye Kiswahili wakatazama angani. Mimi nikafanya nini? Nikatafsiri kama alivyosema. Kelele zikakatika. Mzee mmoja akanyanyua mkono kwa adabu kabisa akauliza, "Wamemtoa kwa ng'ombe wangapi?" Nikafikisha swali. Bwana Maana akauliza maana yake nini, nikamweleza tofauti ya kuoa na kuolewa, akawa mwekundu mpaka masikioni, kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka. Baraza lote likacheka naye. Siku ile kesi zote zilikwisha kabla ya saa sita.

Na mimi je? Mimi yangu yalikuwa makubwa zaidi! Alipohamishiwa Geita alinichukua. Huko tukafika Buseresere, ambako sokoni ungesikia Kizinza, Kisumbwa, Kisukuma na wageni wa machimbo waliokuja na lugha zao. Palihitajika kamati ya soko. Bwana Maana akaniambia nimwagize mpiga mbiu atangaze kwamba kesho asubuhi watu wote waje kupiga kura. Sasa ninyi mnatujua Wasukuma. Kwetu L na R ni ndugu wa tumbo moja, hawaombani ruhusa kuingia. Nilichomwambia mpiga mbiu sikumbuki vizuri, lakini alichotangaza nilikisikia kwa masikio yangu: "Kesho asubuhi! Sokoni! Watu wote! Kula!"

Walikuja, nawaambieni. Walikuja na watoto, walikuja na mabakuli, bibi kizee mmoja alikuja na sufuria yenye mfuniko ili abebee wa nyumbani. Bwana Maana akauliza mabakuli ni ya nini. Nikatamani ardhi ipasuke. Nilipomweleza, akaagiza beberu mmoja, ambaye wenyeji walimzawadia jana yake, achinjwe, na wakati nyama inachemka tukapanga mabakuli mstari mmoja, kila mgombea bakuli lake, na kila mpiga kura punje moja ya mahindi. Kamati ikapatikana, tena nzuri. Watu wa pale wakabaki wakiamini kwamba serikali ndivyo inavyofanya siku zote.

Aliyenifundisha kazi hakuwa Mzungu. Alikuwa Mzee Saidi, mtu wa Shinyanga mjini, baba yake alitoka pwani na biashara, mama yake Mnyamwezi. Alianza ukalimani wakati wa Mdachi na meno yake yote bado alikuwa nayo. Nilikuwa namfuata barazani kwake baada ya sala ya alasiri, ananipa kahawa na matusi kwa vipimo sawa. Alinifundisha nisimame ubavuni, si mbele, maana mkalimani akisimama katikati watu wanaanza kumwogopa yeye. Alinikataza karanga kabla ya baraza kwa sababu zinakwama kooni neno linapokuwa zito. Na akaniwekea sheria moja juu ya zote.

"Akisema mimi, sema mimi," aliniambia. "Usiseme Bwana amesema hivi, Bwana amesema vile. Wewe si gazeti. Akisema nimekasirika, wewe sema nimekasirika. Mtemi akisema ninaumwa, wewe sema ninaumwa. Wewe hupo pale. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Hujaelewa. Kunywa kahawa."

Sheria hiyo ni nzuri na nimewafundisha wengi. Inafanya watu wawili watazamane badala ya kukutazama wewe. Shikeni hiyo, hata kwenye mikutano yenu hii ya vipaza sauti na simu zinazojidai kutafsiri.

Lakini Mzee Saidi alijua pia ugonjwa wangu. Nilipenda kulainisha. Kuna kijiji kimoja upande wa Songwa, na pale aliishi mama mmoja mjane, Mama Shija, mwenye ulimi wa kukata ngozi. Siku Bwana Maana alipowahutubia kuhusu ufugaji bora, Mama Shija alisema mbele ya wote, kwa Kisukuma, "Huyu ni yangeyange. Anafuatafuata ng'ombe mchana kutwa, kukamua hajui." Mnawajua yangeyange, ndege weupe wanaotembea nyuma ya mifugo. Watu walianguka kwa kicheko. Bwana Maana akanigeukia. Nikasema, "Anasema wewe unapenda sana ng'ombe." Akamwinamia Mama Shija kumshukuru! Mama Shija akanitazama mimi kwa jicho ambalo sikulisahau.

Nilipomsimulia Mzee Saidi nikidhani atanisifu, aliweka kikombe chini. "Tusi ni mali ya mtu," akasema. "Lifikishe. Leo umeficha tusi, kesho utaficha kilio."

Nilimwona mzee amechoka. Kumbe mchovu wa akili nilikuwa mimi.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Ilikuwa kiangazi, tukiwa bado Shinyanga. Mwaka ule walikuwa wanawinda mbung'o, wale inzi wanaoua ng'ombe na kuleta malale. Amri kutoka juu ilikuwa mapori yakatwe, maana mbung'o hukaa kwenye vichaka visivyopitwa na watu. Tulifika kijiji kilekile cha Mama Shija. Bwana Maana alikuwa na homa, anatetemeka kwenye kiti chake cha turubai, lakini alikataa kulala. Akanyoosha kidole upande wa magharibi, ambako kulikuwa na miti na nyasi ndefu za rangi ya asali, nchi nyingine yote ikiwa imekwanguliwa na kwato. Akauliza kule ni nini.

Nikamuuliza Mzee Masunga, mkubwa wa wazee wa pale. Akajibu kwa Kisukuma, "Ile ni ngitili yetu. Tumeifunga tangu mvua za kwanza. Haingii mtu."

Ninyi mliokulia mjini hamuijui ngitili, na hapo ndipo shida yote ilipo. Ngitili ni eneo la malisho ambalo ukoo au kijiji hulifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii, mtu hakati hata fito. Kila mahali pakishakauka, wazee wanakaa, wanaifungua kidogokidogo, na ng'ombe wanavuka kiangazi wakiwa hai. Ndiyo ghala. Mimi mtoto wa mfugaji nililijua hilo kabla sijajua kuvaa kaptura. Nimechapwa kwa kuingiza ndama kwenye ngitili ya babu yangu!

Lakini neno lake la Kiswahili sikuwa nalo. Ningeweza kueleza, sentensi tatu au nne. Jua lilikuwa kali, nimesimama tangu asubuhi, na baraza lilikuwa limebakiza kesi tano. Nikatafuta neno moja fupi. Nikasema, "Anasema ni pori letu, tumelifunga, haingii mtu."

Angalieni ubaya wa jambo hilo. Hakuna uongo ndani yake. Ila kwa mtu anayewinda mbung'o, pori lililofungwa lisiloingiwa na mtu ni nyumba ya mbung'o yenye mlango. Na siku ile Bwana Maana, aliyeuliza maana ya kila mdudu, alikuwa na homa, hakuuliza. Akaandika tu. Nikaona kalamu inakwenda na nikashukuru kwamba kesi inayofuata inaanza.

Zikapita kama wiki mbili. Niko kwenye kibaraza cha boma, naweka foleni ya watu, nikamwona Mama Shija anakuja na fimbo yake, vumbi mpaka magotini. Ametembea kutoka Songwa. Hakupanga foleni. Akaja mpaka usoni kwangu.

"Mwangaluka, mama," nikamsalimu.

Hakuitikia. Mwanamke wa Kisukuma asipoitikia salamu, ujue kuna msiba.

"Watu wameletwa na mashoka," akasema. "Wanakata ngitili. Leo siku ya pili. Wameonyeshwa barua, barua inasema pori. Nani alisema pori?"

Nikajifanya napanga foleni.

"Sisi hatuna pori," akaendelea, na sauti yake ikaanza kukatika. "Nina ng'ombe watatu, Luhende. Wajukuu wanakunywa maziwa ya mmoja. Nyasi zikichomwa, tutawapeleka wapi mpaka mvua? Masunga amelala mbele ya shoka wamemwinua wamemweka pembeni. Nani alisema pori?"

Ningeweza kusema ni mimi. Niliogopa! Kazi ile ilimlisha baba yangu, ilisomesha wadogo zangu wawili, na mkalimani anayekosea neno hakupewa onyo, alipewa njia. Nikamwambia anisubiri nikaulize. Aibu iliyoje. Nikatoka mlango wa nyuma nikakimbia, nawaambia nilikimbia na viatu vya kazi, mpaka kwa Mzee Saidi. Nikammwagia yote. Nikamwambia labda karani wa barua ndiye alikosea. Nikamwambia labda nikae kimya, kukata kutakwisha, nyasi huota.

Aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umekuja kuniuliza njia," akasema, "au umekuja kuomba ruhusa ya kujificha?"

"Mzee, nitafukuzwa."

"Huenda. Na yule mama akikosa maziwa, yeye atafukuzwa wapi?"

Kahawa sikupewa siku ile. Nikarudi bomani nikaingia ofisini bila kubisha hodi, jambo ambalo sijalifanya kabla wala baada. Bwana Maana akainua kichwa.

"Bwana, kuna neno nililokupa vibaya."

"Neno gani?"

"Ngitili."

Akafungua daftari, akapekua, akakuta. "Umesema pori."

"Si pori, Bwana." Na zile sentensi nne nilizozionea uvivu barazani zikanitoka zote kwa mkupuo mmoja. Malisho. Yamefungwa makusudi. Ya kiangazi. Wanakata sasa hivi.

Akaweka daftari chini. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Hukujua neno hili?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Ningesema sikujua, ingekuwa kosa la ujinga, na ujinga husamehewa. Lakini nilikuwa nimechoka kulainisha.

"Nilijua, Bwana. Niliona uvivu kueleza."

Alisimama, akachukua kofia, akasema, "Na mimi sikuuliza." Akatoka. Tukamweka Mama Shija mbele kwenye Landrova, mimi nyuma nimeshika bomba, na dereva alikanyaga mafuta kama anafukuzwa na nyuki! Vijana, sijawahi kwenda kasi ile tena maishani, hata kwenye mabasi yenu haya ya Mwanza. Tulirushwa kwenye makorongo, kichwa changu kikapigana na turubai, na muda wote naomba Mungu nisisikie moshi. Maana miti ikikatwa itachipua, lakini wakishachoma nyasi mwaka huo umekwisha.

Tulisikia mashoka kabla ya kuona watu. Moshi haukuwapo. Upande mmoja, kama theluthi hivi, ulikuwa umelazwa chini wote, na marundo yamepangwa tayari kwa moto wa jioni. Bwana Maana aliruka kabla gari halijasimama, akipunga mikono miwili, na mashoka yakanyamaza moja baada ya jingine.

Baraza likakaa palepale juu ya visiki. Wakataji upande huu, wenye ng'ombe upande ule, Mzee Masunga mbele ameketi chini na vumbi mgongoni. Nikasimama ubavuni, kama nilivyofundishwa. Bwana Maana akavua kofia. Mzungu kuvua kofia juani mbele ya raia, hilo peke yake lilitosha kuwanyamazisha. Akasema neno moja la Kiswahili.

"Nimekosea."

Nami, kwa sheria ya Mzee Saidi, nikasema kwa Kisukuma, "Nimekosea."

Macho yote yakamwendea yeye. Hata jicho moja halikunijia. Akisema mimi, sema mimi: sheria ilifanya kazi yake barabara, nikawa sipo pale. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba leo tumeona maajabu, mtawala anakiri. Ningeweza kunyamaza na historia ikaishia hapo. Mzungu amebeba, Mzungu atahamishwa, Luhende atabaki na kazi na jina safi.

Kisha nikamwona Mama Shija. Hakuwa anamtazama Mzungu. Alikuwa ananitazama mimi, anasubiri.

"Mimi," nikasema kwa Kisukuma. "Si huyu. Huyu aliandika nilichomwambia. Mimi Luhende, mtoto wa mfugaji kama ninyi, nililijua neno lenu nikaliita pori kwa uvivu. Nimekosea mimi."

Bwana Maana akaninong'oneza, "Nimesema neno moja. Mbona wewe umesema mengi?"

"Mengine ni yangu, Bwana."

Akaitikia kwa kichwa, akarudisha macho kwa wazee.

Mzee Masunga akajikung'uta vumbi polepole. Akasema, "Mwambie mwenzako mashoka yarudi nyumbani. Na wewe, kesho uje na baba yako."

Baba yangu! Ningependa kufukuzwa kazi mara kumi. Baba alikuja na mbuzi wawili na hakunisemesha njia nzima. Hukumu ya wazee ilikuwa hao mbuzi, na mimi kupanda minyaa kuzunguka upande wote uliokatwa, kwa mikono yangu, bila msaidizi, mpaka uzio ufungike. Bwana Maana alinipa ruhusa ya kazi nimalize. Kwenye daftari la wilaya alikata neno pori, akaandika ngitili kwa herufi kubwa, na chini yake ukurasa mzima wa maelezo, ili atakayekalia kiti baada yake asihitaji kuniuliza mimi. Hakunifukuza. Aliniambia tu kwamba kuanzia siku hiyo, nikikosa neno, nimpe sentensi, hata kama ni ishirini, hata kama yeye anakufa kwa homa. Mpaka anapanda treni kuondoka, bendera ikiwa imekwisha kuwa yetu, sikuwahi kumpa neno fupi lisilotosha. Na waliokuja baada yake, weusi wenzangu, nao niliwachosha kwa sentensi.

Msidhani mambo yaliisha vizuri yote. Theluthi ni theluthi. Kiangazi kile kilikuwa kirefu na nyasi zilizobaki hazikutosha ng'ombe wote. Mama Shija alipoteza wawili, mmojawapo yule wa maziwa. Nilimpelekea ndama kutoka kwa baba, akampokea, akasema wabeja, yaani asante, lakini tangu siku hiyo kila tulipoonana, barabarani, sokoni, hata msibani, salamu yake kwangu ilikuwa moja: "Luhende, habari za porini?" Watu wanacheka, na mimi nacheka, na inauma kila mara. Ilikuwa haki yake.

Mwaka jana nilimwomba Kulwa anipeleke Songwa. Nilijua ngitili nyingi zimekufa. Watu walihamishwa, watu wakaongezeka, nyingine zikawa mashamba ya pamba, nyingine zikawa mkaa. Nilijiandaa kuona mahindi. Tukashuka kwenye bodaboda mbili, nikatembea na mkongojo wangu, na nikaiona! Miti imerudi imenizidi mara tatu, nyasi zinafika kifuani, za rangi ileile ya asali. Na minyaa, jamani, minyaa imekuwa ukuta! Nikaanza kuvuka upenyo mmoja niingie.

"Shikamoo, babu!" Mwanamke wa makamo, kanga imefungwa kifuani, panga mkononi, alikuwa anakuja mbio.

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani sana, humu hampiti. Zungukeni kwa kule barabarani."

Kulwa akaanza kutafuta kitambulisho cha utendaji kwenye mkoba. Nikamzuia mkono.

"Kwani humu mna nini?" nikauliza, kama mgeni wa kutoka Dar.

"Ni ngitili, babu."

"Ndiyo kitu gani? Mbona naona pori tu."

Yule mama akanihurumia, nikamwona usoni. Akachoma panga ardhini ili azungumze vizuri na mzee.

"Si pori, babu. Pori halina mwenyewe. Hii ni akiba ya ng'ombe, tumeifunga wakati wa mvua waje wale kiangazi."

Mara moja! Bila kufikiri, kwa Kiswahili safi, mwanamke mwenye panga na haraka zake. Machozi yakanitoka na sikuyafuta.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia, polepole na kwa sauti kubwa, akidhani sisikii.